Rais Yupi?

Kanisa letu pale Tabora lina rais. Naanza na hilo kwa sababu msomaji akilikosa, mengine yote yatampotea, na mimi kitu ninachokiogopa kuliko njaa ni kutoeleweka. Hatuna padri wala mchungaji. Kusanyiko dogo kama letu linaitwa tawi, anayeliongoza anaitwa rais wa tawi, na juu yake yuko rais wa wilaya. Wote hawalipwi. Rais wetu wa tawi siku za kazi ni fundi wa kuchomelea mageti, na Jumapili husimama mbele yetu akiwa na tai na macho mekundu kwa cheche za Jumamosi, hata wageni hudhani amekesha akizililia dhambi zetu.

Mjini hawatujui kwa mafundisho yetu. Wanatujua kama wale wasiokunywa chai. Hatunywi chai, kahawa wala pombe, na hatuvuti tumbaku, jambo ambalo kulisema hadharani katika mkoa unaosomesha watoto kwa tumbaku linahitaji moyo. Mjomba wangu wa Sikonge, aliyenilipia ada ya sekondari kwa zao hilohilo, aliposikia nimejiunga aliuliza swali moja tu: "Na ada watairudisha?"

Nilijiunga nikiwa chuo kikuu, nikisomea siasa na utawala. Nilirudi nyumbani Isevya na shahada, na shahada ikapanda juu ya kabati la mama, ndani ya bahasha, ikingoja ajira pamoja nami. Kungoja kulinipa nafasi kubwa ya kufikiri, na kufikiri ndiko kulikoniponza. Mtu akinisalimia "vipi" mchana, jioni bado najiuliza alikuwa na maana gani.

Mama yangu anauza chai na vitumbua kando ya barabara. Miaka yote alilicheka kanisa langu. "Yaani Mungu ayaoteshe majani ya chai, halafu akasirike tukiyachemsha?" alikuwa akisema, huku akimimina. Kisha siku moja, bila kuhubiriwa na mtu, akatangaza kwamba na yeye anabatizwa.

"Nimekuangalia muda wote huu," aliniambia. "Kama halijakuharibu wewe, mimi halitaniweza. Lakini wa kunizamisha majini ni wewe mwenyewe. Sitaki kushikwa shingo na mwanamume ambaye sikumlea."

Kwetu hilo linawezekana. Mwanamume yeyote wa kanisa aliyepewa ukuhani na asiye na doa kubwa anaweza kubatiza, rais wa tawi akitoa ruhusa. Ruhusa ikatolewa, Jumamosi ikapangwa. Mama akaacha chai siku hiyohiyo, na hapo likatokea tatizo ambalo wamisionari wa kanisa letu hawakulitarajia: hakuweza tena kuonja chai anayouza. Kazi hiyo akampa jirani yake wa barazani, fundi cherehani, mzee wa Kiislamu ambaye ukoo wake uko mjini tangu enzi za misafara.

"Jirani, onja. Sukari imekaa?"

"Haijakaa, imesimama mlangoni. Ongeza."

Mzee alikuwa akionja kwa uaminifu mkubwa, kikombe kizima kwa kila birika. "Dini ya mama yako ni nzuri sana," aliniambia. "Yeye anafunga, mimi nafuturu."

Mambo yalikuwa hivyo hadi ilipokuja amri kwamba wachuuzi wa kando ya barabara wahamie eneo jipya, nje kidogo, upande wa Itetemia. Mtaa ulichafuka. Ukaitishwa mkutano, mtendaji akasoma amri, watu wakaguna. Fundi cherehani akasimama.

"Babu wa babu yangu alifika hapa na msafara kutoka pwani," alisema. "Akatandika mkeka, akauza shanga. Hakuna aliyemwonyesha eneo maalumu."

Watu wakapiga makofi. Mtendaji akaona mkutano unamponyoka, akakimbilia viongozi wa dini waliokaa mbele, akawapa kipaza sauti mmoja baada ya mwingine. Shehe akasema kwanza atazungumza na watu wake. Katekista akasema vivyo hivyo. Kipaza sauti kikamfikia rais wetu wa tawi. Mtu huyu hajawahi kushika kipaza sauti kinachofanya kazi, maana cha kanisani kwetu ni pambo tu. Alishtuka kusikia sauti yake imekuwa kubwa hivyo, nadhani ikampendeza.

"Kanisa letu," alisema, "linaunga mkono. Asilimia mia."

Mkutano mzima ukageuka kumtazama mama, aliyekaa nyuma na birika lake, kama vile ndiye asilimia mia yenyewe.

Mimi nilikuwa nimesimama ukutani, na damu ikanipanda. Kila uchaguzi ukikaribia tunasomewa kanisani kwamba kanisa halina upande katika siasa, kila muumini na akili yake. Leo mtu mmoja anatupeleka Itetemia sote kwa sekunde moja. Hakutuuliza. Na mama yangu, ambaye bado hata hajalowa maji, ameshauzwa.

Nilipofika nyumbani niliamua kuandika kitu kwenye stetasi ya simu yangu. Watu wengine huandika stetasi wakiwa wanatembea. Mimi nilikaa kitako. Niliandika, nikafuta, nikaweka "kwa heshima", nikaitoa kwa kuwa ilionekana ya kejeli, nikairudisha kwa kuwa bila hiyo ilionekana ya vita. Mwisho ikawa hivi: "Baada ya kutafakari kwa kina, na kwa heshima zote, mimi simuungi mkono rais. Alisema kwa niaba yetu bila kutuuliza."

Mwanzoni nilikuwa nimeandika "rais wa tawi". Maneno "wa tawi" niliyatoa mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu yalikuwa yanairefusha sentensi. Nilikuwa nataka sentensi iliyokaa vizuri.

Kesho yake asubuhi nilimkuta fundi cherehani amesimama. Mzee huyu hasimami kabla ya adhuhuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Futa."

"Nifute nini?"

"Futa ulichoandika. Ukimaliza, futa simu. Ukimaliza, futa na wewe uende kwa mjomba wako Sikonge ukalinde mizinga ya nyuki."

"Mzee, nilikuwa nasema rais wa kanisani."

"Kanisani kuna rais?"

"Yupo."

"Na jeshi mnalo?"

Nikamweleza habari ya tawi. Nikaona uso wake unazidi kuharibika. "Tawi," alirudia polepole. "Umepinga rais, na mna tawi kama chama cha siasa. Msomi, unazidi kulichimba shimo."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mtaa mzima umenisoma vibaya. Wateja wa mama walikuwa wanakunywa chai wakiwa wameelekea upande wa pili. Kijana wa bodaboda ambaye kila siku ananiita "mwanangu" alinisalimia kwa kope tu.

Kanisani nako walinisoma, na wao walinisoma sawasawa, ndiyo ikawa mbaya zaidi. Kwetu kuunga mkono si maneno ya hotuba. Ni kitendo. Jina la kiongozi linasomwa mbele ya watu, nawe unanyoosha mkono wa kulia hadi juu. Kisha wanaulizwa wanaopinga, waonyeshe kwa ishara hiyo hiyo. Tangu nijiunge sijawahi kuona mkono wa kupinga. Swali lile huulizwa kama mtu anavyopiga hodi kwenye nyumba anayojua haina watu, huku tayari anageuka aondoke. Kwa hiyo muumini akiandika hadharani kwamba hamuungi mkono rais, hiyo si stetasi tena. Hiyo ni kesi.

Ujumbe wa rais wa tawi ulifika kabla ya saa sita. "Ndugu, habari za kazi. Rais wa wilaya atakuwa nasi Jumapili. Atakaa nawe kwenye baraza la uanachama kabla ya ibada, kuhusu ulichoandika. Vaa tai."

Nilikaa sana na yale maneno "vaa tai". Mtu anayekwenda kufukuzwa haambiwi avae tai. Au pengine huyo hasa ndiye anayeambiwa. Halafu "habari za kazi": anajua sina kazi.

Mama alinipokonya simu akasoma kwa sauti, na alipofika kwenye "rais wa wilaya" muuza karanga wa pembeni akasikia nusu yake. Hadi alasiri mtaa ulikuwa unajua kwamba mkuu wa wilaya anakuja Jumapili kunichukua, na kwamba nimeagizwa nivae tai ili nipendeze kwenye picha.

"Hilo baraza linaweza kukufanya nini?" mama aliuliza.

Nikamweleza. Wanaweza kunionya tu. Wanaweza kuniwekea mipaka: nisipokee mkate na maji ya sakramenti ya Jumapili, nisisali kwa sauti mbele ya watu, nisibatize mtu. Au wanaweza kuniondoa kabisa katika uanachama.

"Nisibatize mtu," mama akarudia. "Mtu gani?"

"Mtu yeyote, mama."

"Kwa hiyo mimi."

"Anaweza kukubatiza mwingine. Hata rais wa tawi mwenyewe."

"Yule aliyeninadi mkutanoni?" Alishika birika kwa mkono mmoja na kikombe kwa mwingine, kama mtu anayepima. "Baba," akasema, maana huniita baba akitaka nisikilize, "nisikie vizuri. Ni wewe, au narudi zangu kwenye chai. Na nikirudi, sitoki tena."

Niliwahi kusoma nadharia nyingi kuhusu mamlaka, lakini hakuna iliyowahi kuniweka mahali kama pale.

Siku mbili zilizofuata nilipata ushauri mwingi kuliko chai iliyouzwa. Mshauri wa kwanza wa rais wa tawi, ndiye msaidizi wake kanisani, mwalimu wa shule ya msingi, mpole, alipita genge la mama akijifanya anatafuta vitumbua.

"Ndugu," alininong'oneza, "rahisi sana. Waambie ulikuwa unamsema Rais wa nchi. Hiyo ni siasa. Kanisa halina neno na siasa ya muumini. Baraza litafungwa kwa sala, tutakwenda kula."

Fundi cherehani alisimamisha mashine. "Wewe mwalimu, unamtakia kijana mema kweli? Huko kwenu watafunga baraza, huku nje watamfunga yeye. Msomi, sema ulimsema huyo wa mageti."

"Akisema hivyo," mwalimu akajibu, "hatambatiza mama yake."

"Na akisema hivyo vingine atambatizia wapi? Gerezani kuna bwawa?"

Waligombana hivyo juu ya kichwa changu, mmoja ananiokoa kanisani, mwingine ananiokoa mtaani, na kila mlango mmoja ulipofunguka mwingine ulijifunga. Mimi nilikuwa nahesabu maana za kila jibu. Nikisema wa nchi, nitakuwa nimesema uongo, na uongo ni dosari, na mwenye dosari habatizi. Hivyo nitambatiza mama kwa mkono usiostahili, na ubatizo huenda usishike, na mama atakuwa amelowa bure. Nikisema wa tawi, nitakuwa nimesema kweli, na kwa kusema kweli nitazuiwa.

"Sema ulimsema rais wa wanafunzi wa chuo," mama akaamua bila kuinua macho kwenye kikaango. "Yule uliyekuwa unalalamika amekula hela za disko. Huyo hana jeshi wala tawi."

Jumapili nilifika mapema, na tai. Kanisa letu ni nyumba ya kupanga: sebule ndiyo ukumbi wa ibada, na baraza lilikuwa likae kwenye chumba kilichowahi kuwa jiko, ambacho bado kina masizi juu ya dirisha. Treni ya rais wa wilaya ilikuwa imechelewa. Kwa hiyo mimi na rais wa tawi tulikaa kwenye benchi moja uani tukimsubiri mtu wa kutuamua. Nilitazama mikono yake, imejaa makovu madogo ya moto. Nilitaka kusema kitu. Niliandaa sentensi, nikaipanga upya, nikaondoa kiunganishi.

"Karanga?" akaniuliza, akinisogezea kifuko.

Nikachukua. Halafu nikajiuliza kama karanga hizi ni amani au ni mtego, nikabaki nazo mkononi hadi zikalowa jasho.

Rais wa wilaya alipofika alikuwa mtu mfupi, mstaafu wa reli, mwenye sauti ya chini kabisa. Aliomba radhi kwa kuchelewa kana kwamba treni ni yake. Tukaingia jikoni: yeye, rais wa tawi, mwalimu na mimi. Mwalimu akasali, na katika sala hiyo akamwomba Mungu "atusaidie kutofautisha mambo ya nchi na mambo ya tawi", huku jicho moja likinitazama.

Rais wa wilaya akaweka simu yake mezani, picha ya stetasi yangu ikiwa wazi.

"Ndugu yangu," alisema, "nina swali moja tu. Ulimaanisha rais yupi?"

Nje nilisikia mama anamwelekeza mtu kupanga viti. Nilifungua mdomo nikiwa kweli sijui jibu lipi litatoka. Nakumbuka nilimfikiria yule rais wa wanafunzi, na kwa mara ya kwanza nikamhurumia.

"Wa tawi," nikasema. "Huyu hapa."

Mwalimu akafumba macho. Lakini rais wa tawi alifanya jambo ambalo sikulitegemea katika hesabu zangu zote: alishusha pumzi, akaegemea ukuta wenye masizi, akacheka.

"Kumbe mimi!" alisema. "Ndugu, siku zote hizi sijalala. Nilijua ni yule mkubwa, nikasema sasa watakuja wafunge kanisa, na geti lenyewe la kanisa bado sijalipaka rangi. Kumbe mimi! Mimi hata mke wangu haniungi mkono."

Rais wa wilaya hakucheka. Alisubiri tumalize, kisha akasema kwamba kupinga kwenye simu ni jambo moja, na kwamba kanisa lina mahali pake pa kupinga. Leo ibadani angesoma majina ya viongozi wa tawi ili waumini wawaunge mkono. "Nenda ukafanye unachoamini," aliniambia. "Baada ya hapo nitaamua."

Niliketi safu ya pili. Mama alikuwa nyuma, amevaa vitenge vipya, amekaa kama mtu anayengoja usaili wa kazi. Jina la rais wa tawi likasomwa. "Wanaomuunga mkono waonyeshe." Mikono ikapanda. Nilisikia bangili nyuma yangu na sikuwa na haja ya kugeuka: mama, ambaye si muumini bado na hana kura, alikuwa amenyoosha mkono kuliko wote.

Wangu ulibaki kwenye goti. Nilikuwa nauangalia kama wa mtu mwingine. Niliwaza kwamba nikiuinua sasa, kila kitu kimekwisha: mama atabatizwa, mimi nitakuwa kijana mzuri. Ndipo nikawaza ile siku ya mkutano, watu wakimtazama mama na birika lake. Mikono ikashuka.

"Kama yupo anayepinga, aonyeshe kwa ishara hiyo hiyo."

Kwanza niliinua hadi sikioni, kiasi kwamba ningeweza kudai najikuna. Lakini rais wa wilaya hakufanya kama wengine, hakugeuka. Alikuwa anangoja kweli. Basi nikaunyoosha. Nilisikia kuku wa jirani. Nikasikia na bangili. Mama, kuona mwanawe amenyoosha, alinyoosha na yeye.

"Mama, huruhusiwi," mwalimu alinong'ona.

"Na mara ya kwanza?"

"Na mara ya kwanza pia."

"Sasa si mngesema. Nimenyoosha bure mara mbili."

"Tumeona," rais wa wilaya alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Asanteni." Kisha tukaimba.

Baada ya ibada tulirudi jikoni. Mama alitufuata na kusimama mlangoni, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia aondoke.

"Bado unampinga," rais wa wilaya aliniambia. "Sababu?"

"Alisema kwa niaba yetu bila kutuuliza."

Akamgeukia rais wa tawi. "Uliwauliza?"

"Mtendaji alinipa kipaza sauti ghafla, na kilikuwa kinafanya kazi…"

"Uliwauliza?"

Fundi wa mageti akajikuna kovu la mkononi. "Sikuwauliza."

"Na mimi huyu wangu hakuniuliza," mama alisema kutoka mlangoni, akinionyesha kwa kidole. "Amenilalamikia mji mzima. Nani alikwambia sitaki kuhama? Kule kuna paa. Kuna choo. Hapa nikitaka kujisaidia natembea hadi kwa shemeji yako."

Nilijua hapo uso wangu umebadilika rangi. Mwalimu alikohoa kuficha kicheko. Hata rais wa wilaya ilimbidi aangalie dirishani kidogo.

Hukumu yake ilikuwa fupi. Rais wa tawi aende kwa mtendaji, aseme kwamba yale yalikuwa maoni yake, si ya kanisa. Mimi niondolewe kufundisha darasa la Jumapili, kazi niliyoipenda kuliko zote, mpaka nijifunze kumwambia mtu jambo mbele ya uso wake. Wakati huo nitapanga viti. Na stetasi niiandike upya, pamoja na maneno mawili niliyoyakata. Iliniuma. Bado inaniuma kupita karibu na lile darasa nikiwa nimekumbatia viti vya plastiki na kusikia mwalimu mpya anavyoharibu somo.

"Na Jumamosi?" mama aliuliza. Hilo tu ndilo alilokuja kusikiliza.

"Ruhusa ya ubatizo si yangu," rais wa wilaya alisema. "Ni ya rais wa tawi."

Sote tukamtazama fundi wa mageti. Mtu niliyemnyooshea mkono mbele ya tawi lake zima, saa moja haijapita. Alitazama viatu vyake.

"Mimi tangi lile la ubatizo nimelichomelea kwa ajili ya mama huyu," alisema hatimaye. "Kila nikiziba hapa linavuja pale. Sasa limeshika. Huyu kijana ananipinga mimi, hajampinga Mungu. Ambatize."

Jumamosi waumini walibeba maji ndoo kwa ndoo hadi tangi la uani likajaa. Fundi cherehani alikuja, akavuta kiti kivulini na kusema amekuja kama mlinzi wa maslahi ya jirani. Mama aliingia majini na gauni jeupe, akinung'unika kwamba ni ya baridi. Nikamshika kama nilivyofundishwa, nikainua mkono wa kulia, nikasema maneno bila kuyahariri, nikamzamisha.

Kwetu lazima mwili wote uingie chini, hata unyayo, hata ncha ya nguo, na wako mashahidi wawili wa kuangalia. Mmoja alikuwa mwalimu. Wa pili alikuwa rais wa tawi.

"Kiwiko," akasema rais wa tawi, ameinama juu ya tangi. "Kiwiko kilibaki juu. Rudia."

Nikarudia. Mama akaibuka anapepesa macho.

"Nguo," akasema rais wa tawi. "Nadhani nguo. Rudia."

"Nadhani?" nikauliza.

"Rudia, ndugu."

Mara ya tatu nilimsukuma mama chini kwa nguvu zote za shahada yangu, nikamshikilia hapo hadi nikaona mapovu. Alipoibuka, alinishika mabegani na kukohoa hadi fundi cherehani akainuka kitini. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Rais wa tawi akazunguka tangi lote, taratibu, akichungulia maji kama anayetafuta pancha, kisha akasema, "Sawa. Amebatizwa."

"Baba," mama alisema alipopata pumzi, "hapo umenibatiza mimi, bibi yako, na marehemu wote wa ukoo wa baba yako."

Wakati wanawake wanamfunga kanga, nilibaki majini. Nilijua nikiondoka na swali lile litanikalia wiki nzima, na pia ndilo nililokuwa nimeagizwa: kumwambia mtu mbele ya uso wake.

"Rais," nikasema, "ile nguo. Uliiona kweli?"

Alinipa mkono wake wenye makovu ili nipande. Alikuwa anafikiri kwa uaminifu kabisa.

"Kiwiko nilikiona," alisema. "Ile nguo, ndugu yangu, sikuwa na uhakika. Lakini nilikuuliza kwanza kabla ya kusema?"

"Hukuniuliza."

"Basi nipinge," akasema, akanivuta kutoka majini.